Evo na STI: Nani zaidi uwanjani, nani zaidi mpakani?

USHINDANI wa Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX ulianza mwaka 1992, na mpaka leo haujaisha katika vijiwe vya madalali wa magari Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Viwanda vyenyewe vimekwisha kunyamaza. Mitsubishi iliacha kutengeneza Evo mwaka 2016. Subaru iliacha kuuza STI nchini Japani mwishoni mwa 2019, na Machi 2022 ikatangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya injini ya petroli.

Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo hatari ilipo. Gari lisilotengenezwa tena bei yake haiteremki kama ya Vitz au Corolla. Wamarekani nao wamo mnadani, kwa sababu sheria yao huliruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa soko lao kuingia likishatimiza miaka 25. Anayenunua kwa kufuata sifa za uwanjani peke yake anaweza kujikuta ana gari ghali ambalo mpaka haulitaki, na kila siku linayokaa bandarini inakula faida.

Nguvu za kwenye karatasi

Jambo la kwanza ni kutoamini sana karatasi ya kiwandani. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao wenyewe ya kutotangaza gari la kawaida lenye zaidi ya nguvu za farasi 280. Ndiyo maana kuanzia Evo IV ya mwaka 1996, na STI za muda huohuo, utakuta pande zote mbili zimeandika 280. Namba hiyo haikumaanisha kwamba magari yanalingana. Ilimaanisha kwamba hakuna aliyetaka kuonekana amevunja makubaliano.

Baada ya hapo namba zilipanda. Evo X ilitoka 2007 ikiwa na 280, ikaongezwa kufika 300 mwaka uliofuata. STI ya 2007 ilitangazwa na 308, ikabaki nayo mpaka mwisho. Lakini uzito nao ulipanda. Evo IX GSR ilikuwa na kilo 1,410, wakati Evo X GSR ilifika kilo 1,520. Mnunuzi anayeambiwa kwamba toleo jipya lina nguvu zaidi aulize pia limeongeza kilo ngapi, maana uwanjani kilo hizo ndizo zinazochelewesha breki na kona.

Uwanja unasema nini

Muda unaotajwa sana kwa upande wa Subaru ni wa Nürburgring, Ujerumani, uwanja wenye mzunguko wa karibu kilomita 20.8. Mwaka 2010 STI ilimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 7 na sekunde 55. Aliyeshika usukani ni Tommi Mäkinen wa Finland, ambaye mataji yake manne ya dunia ya mbio za magari, 1996 hadi 1999, aliyapata akiendesha Mitsubishi Lancer. Kwa hiyo sifa kubwa ya Subaru uwanjani ililetwa na bingwa wa Mitsubishi. Muda wa namna hiyo unapima dereva, tairi na hali ya hewa ya siku ile pamoja na gari. Hauwezi kuulinganisha na muda wa gari jingine lililopimwa mwaka mwingine na mtu mwingine.

Kinacholinganishika vizuri zaidi ni jinsi magari yalivyoundwa. Evo nyingi, kuanzia ya IV, zina difu ya nyuma inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia kwa kompyuta. Mfumo huo huitwa AYC. Katika kona za kubana kama za Tsukuba, uwanja wa Kijapani wenye mzunguko wa takriban kilomita 2, huisaidia pua ya gari kuingia ndani ya kona. STI hutegemea injini iliyolala chini, pistoni zake zikitazamana, hivyo uzito unakaa karibu na ardhi. Difu yake ya kati dereva anaweza kuirekebisha mwenyewe kwa kitufe. Kasoro yake ni kwamba injini hiyo imekaa mbele sana, na anayeingia kona kwa pupa huona gari linataka kwenda moja kwa moja.

Kwa ufupi, Evo humsamehe dereva anayekosea kuingia kona, wakati STI humlipa anayejua kusubiri. Tofauti hiyo ni ndogo, na tairi mpya zinaweza kuifuta.

Historia ya Safari Rally nayo inasema hivyohivyo. Nchini Kenya, Mitsubishi ilishinda 1996 na 2001 kwa Mäkinen, na 1998 kwa Richard Burns. Subaru ilishinda 1997 kwa Colin McRae, na 2000 kwa Burns yuleyule aliyekuwa ameshinda na Mitsubishi. Kwa miaka sita hiyo ni tatu kwa mbili, na mwaka mmoja, 1999, ulikwenda kwa Ford. Anayekuambia kwamba moja ya magari haya ni takataka mbele ya jingine anatafuta kukuuzia alilonalo.

Mpakani hesabu ni nyingine

Wakati uwanjani tofauti ni ya sekunde, mpakani tofauti ni ya kuingia au kutoingia. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Kwa hesabu hiyo, Evo imekwisha kufungiwa mlango wa Kenya, kwani hata toleo la mwisho lililouzwa Japani ni la 2015. STI iliyosajiliwa kwa mara ya kwanza 2019 mwisho wake wa kuingia ni mwaka 2026. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, hivyo Evo X za miaka ya mwisho bado zina nafasi huko, ila mwenye gari ajiandae kwa tozo ya mazingira. Tanzania haifungi mlango, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu.

Ukubwa wa injini nao una bei yake. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa gari la kati ya sisi 1,000 na 2,000, na asilimia 10 kwa linalozidi hapo. Injini ya Evo X ina sisi 1,998 na ya STI ya Kijapani ina sisi 1,994, kwa hiyo zote ziko salama. Mtego uko kwenye STI A-Line, yenye gia za otomatiki, na STI nyingi zilizouzwa nje ya Japani. Hizo zina sisi 2,457. Nembo ni ileile nyekundu, lakini ushuru huo unazidishwa mara mbili, na juu yake VAT inafuata.

Mtego wa pili ni WRX S4. Hili ni gari zuri la Subaru lenye farasi 300, lakini gia zake ni za CVT, na halikuundwa kwa kupigwa uwanjani kutwa nzima. Wapo madalali wanaolitangaza kama STI. Anayelipa bei ya STI kwa S4 atakuja kulijua kosa siku ya kuuza.

Kwa soko la Rwanda, usukani ndio unaoamua. Nchi hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye usukani wa kulia mwaka 2005, na baadaye ikalegeza kwa malori tu. Gari la mnada wa Japani halina safari ya Kigali. Mwenye mteja huko atafute zile za usukani wa kushoto zilizouzwa Ghuba au Ulaya.

Gari lililochezewa

Magari haya huvutia watu wanaopenda kasi, kwa hiyo mengi yamepita mikononi mwa vijana wa uwanjani kabla ya kufika mnadani. Soma karatasi ya mnada kwa makini. Alama ya R maana yake gari liligongwa na kutengenezwa. Matundu ya boliti kwenye sakafu, karibu na nguzo za milango, ni dalili kwamba liliwahi kufungwa vyuma vya kumkinga dereva wa mashindano.

Kwenye Evo X, mwambie fundi asikilize pampu ya AYC, ambayo imekaa nyuma upande wa kulia na huliwa na kutu. Kama ni ya gia za SST, ajue kwamba boksi hilo hupata joto likilazimishwa. Kwenye STI, apime mgandamizo wa kila silinda na atazame kiwango cha oili, maana bering za injini ya Subaru hazisamehi ukosefu wake. STI na Evo za zamani hutumia mkanda wa taimingi, ambao huko Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Evo X ina cheni. Gharama ya mkanda iingie kwenye hesabu kabla ya kutaja bei.

Njiani

Wasafirishaji nao wana lao. Bampa la Evo liko chini, na lori la kubeba magari lenye ngazi fupi hulichana wakati wa kupakia. Piga picha pande zote nne kabla gari halijapanda, dereva na mwenye mzigo watie saini.

Hatari kubwa zaidi ni gari linaloendeshwa lenyewe, lile ambalo Tanzania huitwa gari la IT. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kijana aliyepewa STI kwa siku moja hashawishiki kwenda pole pole. Injini hizi Japani zilizoea petroli ya kiwango cha juu, ambayo wengi huko huiuza kama oktani 100. Ya kawaida katika vituo vyetu haifiki hapo, na kadiri barabara inavyopanda milimani tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Kukanyaga mafuta bila kuachia katika hali hiyo ndiko kunakotoboa pistoni. Mkataba useme mwendo, oili ipimwe kila mafuta yanapoongezwa, na injini iachwe ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa ili tabo ipoe.

Jibu la mfanyabiashara

Mteja akiuliza nani zaidi uwanjani, mjibu kwa haki kwamba zimekaribiana mno. Lakini kabla ya kutuma fedha Japani, jiulize mambo matatu: ni toleo gani hasa, litatimiza umri gani siku ya kufika bandarini, na nani aliliendesha. Viwango vya ushuru hubadilika karibu kila bajeti ya Juni, hivyo wakala wako wa forodha ayahakiki majibu hayo kabla ya mnada. Sekunde 2 za uwanjani hakuna ofisa wa Malaba anayeziuliza. Tarehe ya usajili wa kwanza ndiyo atakayoitazama mwanzo.