Neno la Mhariri: Malkia wa Gondar

Hapa Tunduma, Mhabeshi tunamfahamu kwa sura moja: kijana aliyekutwa amefichwa kwenye lori, safari yake ya kwenda Afrika Kusini imekomea mpakani. Tunamwita mhamiaji haramu, tunampita. Kwao kuna historia ndefu ambayo hatujawahi kumuuliza, na ndiyo maana toleo hili halianzi na Vwawa wala Mbozi. Linaanza na mji wa Gondar, Uhabeshi, wa karne ya 18, na Malkia Mentewab.

Mentewab alitoka Qwara, magharibi ya Ziwa Tana, akaolewa na Mfalme Bakaffa. Mfalme alipofariki mwaka 1730, mwana wao Iyasu alikuwa bado mtoto mdogo. Mama akavikwa taji, akatawala pamoja naye. Alijenga kasri na kanisa la Qusquam kilimani, nje kidogo ya Gondar, na kanisa la Narga Selassie katika Ziwa Tana. Utawala wake ulikuwa wa mtu mwenye akili na subira, na hilo nalisema kwa heshima yote.

Wapo wanaolieleza anguko lake kama ugomvi wa mama mkwe na mkaza mwana. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba Iyasu alimuoa Wubit, binti wa kiongozi wa Waoromo, na alipofariki mwaka 1755 wanawake hao wawili walimgombania Iyoas, mfalme mpya, mtoto wa mmoja na mjukuu wa mwingine. Lakini kwa miaka 25 Mentewab alikuwa amewagawia ndugu zake wa Qwara vyeo vikubwa. Wubit alipowaleta wa kwake, na Kioromo kikaanza kutawala mazungumzo ya ikulu, alipita njia ambayo mkwewe alikwishaifyeka. Kila ukoo ukawa na askari wake, na hapakuwa na chombo cha kuwapatanisha. Ndipo akaitwa Ras Mikael Sehul wa Tigray na jeshi lake. Alikuja kuamua ugomvi, akabaki na nchi: mwaka 1769 Iyoas aliuawa kwa amri yake.

Bibi alijitenga Qusquam. Msafiri wa Uskoti, James Bruce, alimkuta huko, na mwaka 1773 Mentewab akafariki. Wafalme waliofuata walikuwa vivuli vya wakuu wa majimbo hadi 1855, alipotawazwa Tewodros, naye mzaliwa wa Qwara.

Marie Antoinette wa Ufaransa, aliyekatwa kichwa mwaka 1793, wengi wetu tumemsikia tangu shuleni. Mentewab alikuwa ameshika nchi kwa mikono yake mwenyewe kabla huyo hajazaliwa, tena katika Afrika Mashariki hii hii, na hatumjui. Walimu wa historia wa Songwe, tunawaomba mumfundishe. Nawe msomaji, kabla hujamwita kijana wa Kihabeshi haramu, muulize kwanza anatoka wapi.