Goti la mtoto na kamati ya ufundi

KUTOKA BENCHI
Na Bi Tatu

Timu haina mkosi. Nalisema mapema ili wale mnaonisoma kwenye daladala, mnaoteremka kabla sijafika popote, mshuke nalo. Timu ina kocha, ina viongozi, ina daktari au haina, ina uwanja wenye ufa chini ya goli moja ambao umelalamikiwa tangu mwanangu wa mwisho hajaota ndevu. Mkosi sijawahi kuuona umekaa benchi, na benchi mimi nalijua.

Jumamosi nilikwenda kumtazama kijana mmoja wa kikapu. Jina lake silitaji, wala la klabu yake, maana bado nanunua samaki kwa mmoja wa viongozi wao na bei ananipa nzuri. Kijana katoka shule juzi tu. Urefu anao, lakini urefu haukunitoa nyumbani kwenye jua lile. Kilichonitoa ni kwamba anajua kukaa. Warefu wetu wengi husimama chini ya goli wakisubiri mpira uwaangukie. Huyu anahama. Anamweka mtu mgongoni, anangoja, anaruka mara moja tu na rebaundi ni yake. Msimu wake wa kwanza kabisa wa ligi, na tayari timu pinzani zinamtafutia mtu wa kumkaba kwa viwiko.

Robo ya pili alitua vibaya. Hakupiga kelele. Alikunja uso, akashika goti la kushoto, kisha akainama akajifanya anafunga kamba za viatu. Hiyo ya kamba kila aliyewahi kucheza anaijua. Kocha akamwita. Mazungumzo yao niliyasikia na nawapeni kama yalivyokuwa.

"Vipi?"

"Niko fiti, kocha."

"Uhakika?"

"Fiti kabisa."

Basi, hospitali yenyewe ndiyo hiyo. Akaja mtu na ile dawa ya kupuliza, akapuliza juu ya bandeji. Nasema juu ya bandeji. Bandeji ikapona, nadhani. Nikainuka nikamwambia kocha, mwanangu, mpumzishe huyo mtoto, anachechemea. Kocha akaniamkia vizuri sana, "Shikamoo Bi Tatu," halafu akanigeuzia mgongo. Adabu tunayo, masikio ndiyo yametupungukia.

Robo ya tatu, hata jasho la mapumziko halijakauka, kijana akaruka kuzuia mpira, akashuka, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Zaidi ya hapo sisimulii. Machela haikuwapo. Wenzake walimbeba mikononi mpaka kwenye bajaji.

Sasa nisikilizeni. Hasira yangu ya wiki hii haitokani na kuumia kwake. Wanaocheza huumia, na asiyetaka kuumia acheze bao. Hasira yangu inatokana na kilichosemwa kabla bajaji haijakata kona. Mzee mmoja wa timu alisonya, akasema, "Timu hii ina mkosi, jamani." Na wote wakaitikia kama wako kwenye dua. Wa mwaka juzi alikuwa kisigino, wa mwaka jana bega, sasa huyu. Nuksi. Kuna mtu. Mwingine akaituhumu hata rangi ya jezi. Na mwisho wa yote, macho yangu haya yaliona kocha akipewa pole! Anapigwapigwa begani, "Pole sana kocha, yaani wewe kila mwaka." Mtoto yuko ndani ya bajaji kaing'ata fulana yake, na pole anapokea mtu mwenye filimbi.

Mkwe wangu alikuwa pembeni. Mnamjua, yule wa takwimu. Hawezi kuona watu wakisema upuuzi bila kuutafutia ushahidi wa kigeni. "Mama," akasema, "hata Marekani yapo haya. Portland Trail Blazers wamerogwa tangu mwaka 1978." Baraza zima likamgeukia kwa heshima, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza. Tuliuhamishia kwenye kahawa, na sasa nauleta kwenu kwa sababu gazetini yeye hana safu.

Akaanza na Bill Walton. Portland walimchukua namba moja katika drafti ya 1974, wakatwaa ubingwa 1977, na hadi leo ndio ubingwa wao pekee. Msimu uliofuata walishinda mechi 50 kati ya 60 za kwanza. Kisha mguu wa Walton ukaanza kuuma. Mtoano ulipofika, dhidi ya Seattle, akachomwa sindano ya kuzuia maumivu ili acheze. Akacheza. Baadaye picha zikaonyesha mfupa wa mguu umevunjika.

"Umeona mkosi huo, mama?"

Nikamuuliza, mkosi ndio ulioshika bomba la sindano? Akanywa kahawa. Msimu uliofuata Walton hakucheza mechi hata moja, akagombana na klabu kuhusu namna alivyotibiwa, akaondoka zake. Mwaka 2009 alirudi Portland kuwaomba radhi mashabiki. Lisomeni tena hilo. Aliyevunjika mfupa ndiye aliyeomba radhi. Ningempeleka yule mzee wetu wa kusonya akalione hilo, ila najua angetoka pale akisema Walton mwenyewe alikuwa na nyota mbaya.

Kwa Sam Bowie mkwe alicheka kwanza, kama mnavyocheka nyote. Drafti ya 1984: Houston wakamchukua Olajuwon wa Nigeria, Portland wakamchukua Bowie, na Chicago wakabaki na mtu aitwaye Michael Jordan. Mkisikia hivyo mnakimbilia kumcheka aliyemwacha Jordan. Mimi hapo sichekeshwi. Portland tayari walikuwa na Clyde Drexler wa nafasi ile ile, walitaka senta, na ukweli huo nimeuchoka kuurudia kila Desemba. Jambo lenyewe ni mguu. Bowie alikuwa amekosa misimu miwili mizima chuoni Kentucky kwa sababu ya mfupa wa muundi wa kushoto. Portland walilijua hilo. Wakampima, kwa saa nyingi. Ilipofika mwaka 2012, akiwa mtu mzima mwenye mvi zake, Bowie alisimulia katika filamu juu ya maisha yake kwamba wale madaktari walipokuwa wakimgonga kwa kinyundo kwenye muundi na kumuuliza, alijibu hasikii kitu. Kumbe kulikuwa kunauma. Akaeleza na sababu: alikuwa na watu wake wanaomtegemea.

Niko fiti, kocha.

Hapo baraza lilikaa kimya kidogo, na mimi nikautumia ukimya huo vibaya kwa kumnyooshea kidole kila mtu. Mtoto wa Kentucky na mtoto wa kwetu wamesema sentensi moja. Hakuna mchawi aliyewafundisha. Wamefundishwa na kila mkubwa aliyewahi kumwita mchezaji anayechechemea "mlaini", na kila shabiki anayepiga makofi mtu akirudi uwanjani anaburuta mguu. Mtoto akisema inauma, nafasi yake anapewa mwingine wiki ijayo, na nauli anayopewa baada ya mechi inakwenda na nafasi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Bowie alicheza Portland mechi 139 katika miaka mitano. Miguu yote miwili ilivunjika, mmoja baada ya mwingine.

"Haya, na Greg Oden?" Mkwe alikuwa amemweka akiba.

Oden nampenda, sikufichi. Alikuwa na uso wa mzee wa baraza akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 2007 bahati nasibu ya NBA ilipochezeshwa, Portland walikuwa na nafasi ya asilimia 5.3 tu ya kupata chaguo la kwanza, na wakalipata. Nikasimama hapo hapo nikamuuliza mkwe: timu iliyorogwa inashindaje bahati nasibu? Hakuwa na takwimu ya hilo. Wakamchukua Oden, na Kevin Durant akachukuliwa wa pili na Seattle. Septemba mwaka ule ule, kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi, Oden alilazwa kwa upasuaji wa goti la kulia. Gegedu lilikuwa limeharibika, wakatoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ili paote kitu cha kuziba. Msimu wake wa kwanza ukaisha akiwa na magongo na suti. Akarudi Oktoba 2008, mechi ya kwanza dhidi ya Lakers, usiku huo huo akaumia mguu. Desemba 5, 2009, siku ambazo alikuwa ameanza kucheza kama walivyomtarajia, pointi 11 na rebaundi nane na nusu kwa mechi, aliruka kuzuia mpira dhidi ya Houston na pia ya goti la kushoto ikavunjika.

Mkwe akainua kidole. "Na siku moja kabla, mama, kocha wao Nate McMillan alikatika kano ya kisigino mazoezini! Kocha!" Baraza likalipuka. Hata mimi nilicheka, astaghfirullah. Lakini mwulizeni kocha alikuwa anafanya nini mazoezini. Alikuwa anacheza, kwa sababu wachezaji wazima walikuwa hawatoshi. Wiki chache baadaye senta mwingine, Joel Przybilla, naye goti. Aprili ikaja zamu ya Brandon Roy, chipukizi bora wa ligi wa mwaka 2007: akapasuliwa goti, na siku nane baadaye alikuwa uwanjani kwenye mtoano dhidi ya Phoenix, ukumbi mzima umesimama kumshangilia. Siku nane. Mimi nikipasuliwa jipu siku nane sifui. Desemba 2011, akiwa na miaka 27, Roy alitangaza kustaafu kwa sababu ya magoti.

Kwa Roy na kwa Walton nina wa kumkamata shati. Kwa Oden sina. Walimsubiri mwaka mzima, wakamsubiri tena, na tena. Kuna magoti yanayovunjika tu, na hilo si fumbo la kupelekewa mganga, ni goti. Lakini tazameni deni aliachiwa nani. Portland alicheza mechi 82 kwa jumla, yaani msimu mmoja kamili, katika karibu miaka mitano. Na watu wazima waliomchagua, waliompima, waliochapisha sura yake kwenye kila kitu cha kuuzwa, hawakuitwa chochote. Yeye ndiye aliyeitwa hasara. Mwaka 2016 alisema mwenyewe hadharani kwamba atakumbukwa kuwa chaguo bovu kuliko yote katika historia ya ligi ile. Kisha akarudi Ohio State akamaliza shahada aliyoiacha njiani. Hilo hakuna anayelitaja kwenye kahawa.

Nikaona mkwe anajiandaa kuhitimisha, nikamtangulia. Portland walimwacha Oden tarehe 15 Machi 2012. Siku hiyo hiyo walimpokea mchezaji mwingine kutoka Houston. Nani? Baraza kimya. Hasheem Thabeet, wa kwetu, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA! Kijana mmoja wa nyuma, ambaye nitamjua nikimwona tena, akadakia: "Kumbe mkosi tuliupeleka sisi!" Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Sikucheka. Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya Harden na Curry, na tangu hapo tumemfanya kichekesho cha kila kijiwe, sisi ambao hatukumjengea hata goli la kujifunzia. Na kwa taarifa ya yule kijana, siku hiyo hiyo Portland walimtoa Gerald Wallace wakapewa haki ya kuchagua ambayo miezi michache baadaye ilimleta Damian Lillard. Rogeni na mimi basi, nipate Lillard wangu.

Nilidhani tumemalizana. Jumatatu, kundi la WhatsApp la klabu likaleta ujumbe. "Wadau wapendwa, kutokana na hali inayoendelea, kamati ya ufundi inaomba mchango wa shilingi elfu kumi kila mmoja." Wasomaji wangu wa siku nyingi, kamati ya ufundi mnaijua, ndiyo ile ya waganga, na mnajua kwamba fundi wa goti hayumo. Chini yake mikono ya dua, mioto, majina ya waliokwisha kutoa, na kondoo mmoja aliyeahidiwa kutoka Bagamoyo. Nilipitia orodha yote nikitafuta jina la kijana, au neno hospitali, au hata barafu. Mama yake anauza maandazi, na kipimo cha MRI hakilipwi kwa maandazi.

Nimeandika pale kundini kwamba elfu kumi yangu nimempelekea mama yake, na nikawaomba wenzangu wafanye hivyo hivyo, kondoo abaki na afya yake. Mhazini alijibu kwa dole gumba. Baada ya muda mfupi nikaondolewa kwenye kundi.

Kocha bado yumo. Yeye ndiye admini.