Jibu Sahihi Si Ushahidi

Mwanafunzi mmoja aliniletea programu ya lugha ya C ya kujumlisha alama tano. Jumla ilitoka sawasawa, nami nikampa alama zote. Nilikosea. Programu ile ilisoma pia alama ya sita, isiyokuwapo. Kwa bahati mahali pale palikuwa na sifuri.

Tutazame safari ya matatu: Migori, Awendo, Rongo, Rodi Kopany, Homa Bay. Vituo ni vitano. Kielekezi, kinachoshika anwani katika kumbukumbu ya kompyuta, ni kama utingo: ongeza moja, amefika kituo kifuatacho. Kanuni za C, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1989, zinamruhusu kutaja mahali pamoja tu baada ya Homa Bay, ili ajue safari imekwisha. Kushusha abiria hapo hakuruhusiwi. Akihesabu zaidi ya hapo, hata asipomshusha mtu, lugha haiahidi lolote. Programu yaweza kuzimika, kudanganya, au kufaulu leo na kuharibika kesho kompaila ikibadilishwa.

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Basi, walimu wenzangu, tusahihishe hatua, si jibu pekee. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuongeza moja, jiulizeni: vituo vinaishia wapi?