Ng'ombe Akiuzwa, Mahindi Yatakuwaje?

Wasomaji wapenzi wataniwia radhi kwamba leo nawatoa pwani na kuwapeleka bara ya mbali, Kitale na Bungoma. Lakini mahindi ya sima tuilayo mara nyingi hutoka huko, kwa hivyo si ugenini kabisa.

Nikiwa Kitale nilikaribishwa katika shule moja ya msingi. Mwalimu aliwauliza watoto maadui wa mahindi, nao wakawataja kwa sauti moja kama wasomao tarehe. Nikaomba ruhusa nami niulize: kwa nini jirani wa shule amepanda majani ya ng'ombe kuzunguka shamba lake la mahindi? Darasa zima likanyamaza, ingawa hulipita shamba hilo kila asubuhi.

Jibu lake ni somo zima. Mnamo mwaka 1997 wataalamu wa wadudu wa ICIPE na wenzao walianza kuwafikishia wakulima wa Trans Nzoia na Suba njia iitwayo vuta-sukuma. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea utambaao ambao harufu yake humfukuza nondo azaaye viwavi watoboao mabua. Nondo huyo huvutwa na majani ya nepia yaliyo ukingoni, akataga mayai humo, na viwavi wengi hufa. Desmodiamu hiyo hiyo, kwa mizizi yake, huziotesha mbegu za kiduha, lile gugu linyonyalo mahindi, kisha hulizuia lisishike, likafa. Tena huongeza rutuba ardhini. Nepia hukatiwa ng'ombe, ng'ombe hutoa maziwa na samadi, na samadi hurudi kwa mahindi.

Mtoto aliyefundishwa kiwavi peke yake ataishia kununua dawa ya kunyunyiza. Aliyefundishwa jinsi vitu hivi vinavyofungamana atauliza kwanza.

Bungoma niliwauliza wanafunzi wa gredi ya sita: ng'ombe akiuzwa ili karo ilipwe, shamba litakuwaje?

"Baba atang'oa nepia," akasema binti mmoja, "maana haina mlaji."

"Halafu?"

Akafikiri kitambo. "Nondo watarudi kwenye mahindi. Na samadi hakuna."

Hakuna kitabu kilichompa jibu hilo. Na hapa ndipo ninapolalamika. Mtaala mpya ulioanza nchini kote mwaka 2019, ukichukua nafasi ya ule wa 8-4-4 wa mwaka 1985, uliahidi mtoto atafikiri badala ya kukariri. Ila mtihani wa gredi ya sita ulipoanza mwaka 2022, uliwataka watoto wachague herufi moja kati ya nne. Jibu la binti yule lingeandikwa wapi? Simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika. Lakini shamba la shule halina gharama kubwa, na swali la "halafu?" halina gharama yoyote.

Nasi pwani tusiwacheke wa bara. Mikoko hukatwa boriti na kuni, na kamba na samaki wadogo hukosa malezi katika mizizi yake. Niliporudi Mombasa nilimwuliza mjukuu wangu kwa nini kamba wamekuwa ghali.

"Babu, wachuuzi wana tamaa."

Nimemwambia Jumamosi, inshallah, tutateremka hori ya Tudor, akaitazame mikoko iliyosalia.