Siri imo mchangani

Nimesoma kwa makini makala moja, na ijapokuwa mwandishi wake amewasifu, tena kwa haki, mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaokunja mabomba ya mikono ya wilibaro, ameupita upesi mno mchanga, nao ndio siri yenyewe. Bomba tupu likikunjwa, upande wa nje huvutika ukawa mwembamba, na wa ndani hubanwa ukafanya makunyanzi, hata mviringo wote ukabonyea. Lakini likijazwa mchanga laini, likagongwagongwa hadi mchanga ukashindiliwa barabara, kisha likazibwa ncha zote mbili kwa vizibo vya mbao, kuta zake hazipati nafasi ya kuangukia ndani. Sharti mchanga huo ukaangwe kwanza ukauke, kwani atakayelitia motoni bomba lenye unyevu ili alikunje amejiundia, wallahi, mzinga, maana mvuke uliokosa njia hurusha kizibo au hupasua chuma. Mshono nao uelekezwe ubavuni, ambako chuma hakivutwi sana wala hakibanwi sana. Wala mtu asitamani pindo kali: nusu kipenyo cha pindo isipungue takriban mara 3 ya kipenyo cha bomba, na lile la ukuta mwembamba, la bei rahisi, hudai zaidi. Viwanda vikubwa hutia kiini cha chuma ndani badala ya mchanga, lakini kanuni ni ile ile. Ama mabomba yaliyopakwa zinki, hayo yasipashwe moto kibandani, kwa kuwa moshi wake huleta homa.