Mawe ya figo yakirudi, ulizaneni kwenye ukoo

Baba ametolewa mawe kwenye figo mara mbili. Shangazi mifupa yake inavunjika kirahisi. Binti wa miaka 25 anaambiwa kalsiamu imezidi kwenye damu. Kila mmoja anatibiwa kivyake, na hakuna anayewaunganisha.

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele, ziitwazo parathiroidi. Homoni yake hurekebisha kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Homoni ikizidi, kalsiamu hunyonywa kutoka kwenye mifupa: mifupa inadhoofu, figo zinapata mawe, na mgonjwa huweza kupata uchovu, kiu na choo kigumu.

Kwa wagonjwa wengi tatizo hili si la kurithi. Lakini wapo waliolirithi, baadhi yao kupitia ugonjwa uitwao MEN1, ambao hugusa pia kongosho na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1988 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 11. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1997, baada ya familia zenye ugonjwa huo kukubali kutoa damu, wagonjwa kwa wazima.

Faida yake ni kubwa. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Hitilafu ikishajulikana kwa mgonjwa mmoja, ndugu zake wanaweza kupimwa damu kuitafuta hiyo hiyo. Asiyekuwa nayo anaondolewa hofu na vipimo vya kila mwaka. Aliye nayo anafuatiliwa mapema, kabla figo na mifupa havijaharibika.

Mtasema kipimo cha jeni ni ghali na hakipatikani kila hospitali. Ni kweli. Lakini hatua ya kwanza haihitaji jeni. Inahitaji kipimo cha kalsiamu kwenye damu, na mdomo usiofunga siri. Naamini kinachotuumiza zaidi ni kuficha, kana kwamba kurithi ugonjwa ni aibu au laana. Si kosa la mzazi wala la mtoto.

Kwa hiyo, mzazi, ukiwa na mawe yanayorudi au kalsiamu iliyozidi, mwambie daktari nani mwingine kwenu ana shida kama hiyo. Kisha waambie ndugu zako na watoto wako. Huenda ukaokoa figo za mtu ambaye bado hajaanza kuumwa.