Hadithi za Kisayansi Hazipimwi kwa Utabiri

Kila hadithi za kisayansi zitajwapo katika baraza la wasomi, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huzidharau, likasema kwamba ni michezo ya watoto isiyostahili rafu ya maktaba. Kundi la pili huzitetea, na utetezi wake karibu daima ni mmoja: kwamba waandishi wake walitabiri. Jules Verne alitabiri nyambizi na safari ya Mwezini, Arthur C. Clarke alitabiri setilaiti za mawasiliano. Basi na tuwaheshimu. Dharau ya kundi la kwanza haihitaji jibu refu, kwani aghalabu hutoka kwa watu wasiozisoma. Shauri langu ni na kundi la pili. Nasema kwamba utetezi wake ni mbovu, tena wawadhuru waandishi wale wale utakao kuwatukuza.

Na tuanze kwa hesabu yenyewe. Verne alichapisha habari za nyambizi yake, Nautilus, mwaka 1869 na 1870. Lakini Mmarekani Robert Fulton alikuwa amekwisha kuunda nyambizi nchini Ufaransa mwaka 1800, na jina lake lilikuwa Nautilus. Ni nani basi aliyemtangulia mwenziwe? Katika kitabu cha mwaka 1865 Verne aliwarusha watu watatu kuelekea Mwezini kutoka Florida, na ni kweli kwamba mwaka 1969 watu watatu waliondoka Florida wakaelekea huko. Lakini watu wa Verne walirushwa kwa mzinga, na kishindo chake kingewaua kabla hawajaiacha ardhi. Ama Clarke, maneno yake ya mwaka 1945 juu ya setilaiti hayakuwa hadithi hata kidogo. Yalikuwa makala ya ufundi katika jarida la mafundi wa redio. Alipoandika hadithi iliyochapishwa mwaka 1968, aliiweka safari ya watu kwenda sayari za mbali katika mwaka 2001. Mwaka huo ulikuja ukapita bila safari hiyo, na kitabu hakikupoteza msomaji mmoja kwa sababu hiyo. Kama utabiri ndio uzuri wake, kingalitupwa zamani.

Kazi ya hadithi hizi ni nyingine. Mwandishi hugeuza jambo moja la ulimwengu, akamwacha mwanadamu kama alivyo, kisha akamtazama atafanya nini. Mashine ni mlango tu; kinachotafutwa ni mtu aliyemo ndani ya nyumba. Na kwa kuwa mlango huu hufunguka daima kwa mgeni, ama sisi tumekwenda kwake ama yeye amekuja kwetu, kipimo cha haki cha mwandishi ni hiki: aliweza kumwona mgeni yule kuwa ni mtu?

Tumpime Verne kwa kipimo hiki, na tumpime hapa hapa pwani kwetu. Kitabu chake cha mwaka 1863 chasimulia Waingereza watatu waliolivuka bara la Afrika kwa puto, na puto hilo laanza safari Unguja. Ufundi wa puto waelezwa kwa uangalifu mkubwa: gesi, moto, uzito, na namna ya kupanda na kushuka. Lakini watazame watu. Waafrika wa Unguja wanalikasirikia puto kwa kuwa wadhani litalidhuru jua na mwezi. Kufika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, watu wanaliabudu wakidhani ni mwezi ulioshuka, hata mwezi wa kweli unapochomoza. Mbele zaidi, kundi la nyani linafananishwa na watu weusi, na wasafiri wanalifanyia jambo hilo mzaha.

Verne hakufika Unguja. Alizisoma habari za Burton na Speke, akaziamini. Katika bandari ile waliishi watu waliouhesabu mwezi kwa ajili ya Saumu, na manahodha waliozisoma nyota kwa ajili ya kwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi. Mtu aliyeweza kuwaza chombo cha kuvuka bara zima hakuweza kumwaza mtu mmoja wa pwani mwenye akili kama yake. Sisemi kwamba Verne asisomwe. Nasema kwamba wenye kumwita nabii wamekitazama chombo chake, wasiwatazame abiria wake.

Miaka 35 baadaye, mwaka 1898, Mwingereza H. G. Wells aliandika juu ya majeshi ya sayari ya Mirihi kuivamia Uingereza. Hakuna utabiri hapa: hakuna aliyekuja kutoka Mirihi. Lakini katika sura ya kwanza kabisa Wells awaambia wasomaji wake kwamba, kabla ya kuwalaani wavamizi, wakumbuke walivyoangamizwa wenyeji wa Tasmania na wahamiaji kutoka Ulaya. Kisha awaweka watu wa London mahali pa walioangamizwa: wakimbie, wajifiche, wachinjwe na silaha wasizozielewa. Wells naye hakuepukana na kiburi cha wakati wake. Aliwaita Watasmania jamii duni na kudhani wamekwisha, ilhali wazao wao wangali hai. Walakini aliugeuza uso wa taifa lake uelekee kwenye kioo, tena katika siku ambazo dola hiyo ilikuwa ikijigawia nchi zetu. Kwa ajili hiyo chamshinda Verne, ingawa mashine za Verne zilikuwa karibu zaidi na ukweli.

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kitabu kinachoitimiza methali hiyo kuliko kile cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani, cha mwaka 1969. Mjumbe mweusi, Genly Ai, anatumwa peke yake katika sayari ya baridi kali, ambako watu si wanaume wala wanawake daima, na vita havijulikani. Mjumbe huyu si mwovu, lakini ni mzito wa kuona. Anamshuku Estraven, rafiki wa kweli pekee aliye naye, kwa sababu hajui amwite mwanamume au mwanamke. Haimfumbui macho mashine yoyote, bali safari ndefu ya wawili hao katika barafu, wakigawana hema moja na chakula kidogo. Baba yake Le Guin, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa elimu ya mila za wanadamu, na binti huyu alijua kwamba kumfahamu mgeni ni kazi ngumu kuliko kumfikia.

Watetezi wa utabiri watanipinga kwa Octavia Butler. Watasema kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1993 habari zaanza mwaka 2024, na humo mna ukame, mioto, umaskini na watu kujifungia nyuma ya kuta. Je, hakutabiri? Najibu kwamba ukame aliweza kuuandika mwandishi yeyote wa magazeti. Alichokiumba Butler ni Lauren, msichana mweusi ambaye tangu kuzaliwa huyahisi mwilini mwake maumivu anayoyaona kwa mwingine. Akimpiga adui, huumia mwenyewe. Katika nchi ambamo kila mtu amfunga mwenziwe mlango, mtu wa namna hiyo ataishije, tena atawaongozaje wengine? Swali hilo halikuisha ulipokwisha mwaka 2024, wala halitaisha.

Wako watakaosema kwamba nawanyima wasomaji furaha ya maajabu. La, hasha. Napenda chombo kipaacho kama wengine wanavyokipenda. Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: aendaye hata nyotani hurudi kwa mwanadamu, na safari isiyorudi huko ni tangazo la biashara.

Jambo hili latuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tudhanivyo. Mwandishi kijana akiamini kwamba hadithi ya kisayansi ni utabiri wa mashine, atakata tamaa akisema kwamba mashine hutengenezwa kwingine. Asikate tamaa, maana mlango ulikwisha kufunguliwa. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika hewani mwaka 1951, akawatuma wajumbe sita pande zote, hata mbinguni na ardhini, ili tuone serikali inavyowalipa jela waletao habari za maisha bora. Katama Mkangi wa Kenya, mwaka 1995, alimrusha angani mhukumiwa aitwaye Dzombo ili afe, naye akafika nchi ya Walenisi. Likate jina hilo vipande, utasikia: wale ni sisi.

Verne aliwatazama wale kutoka juu ya puto asiwatambue. Wanafunzi wetu wasome vyote, lakini wakifunga kitabu wasiulize ni mashine gani iliyotimia. Waulize ni nani aliyeonekana kuwa mtu, na ni nani aliyeachwa chini akiuabudu mwezi.